Tulimvuta Bibi Harusi Hadi Ruangwa

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu kuchukua sare za watoto ananiuliza kwanza, "Somoe, ni kweli mdogo wako alipelekwa kwa mumewe akivutwa kwa kamba?" Ni kweli. Ila wengine wamewasimulia ili mcheke, na mimi sitaki mcheke kabla hamjajua nani alinifanyia nini. Kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Habari za ruhusa, mafungu ya mchango na sare za kamati naziruka. Naanzia barabarani.

DAR ES SALAAM HADI LINDI

Gari langu mnalijua. Ni ile sedani nyeupe ya zamani yenye turbo, ambayo vijana wa mtaani kwetu husimama kuisikiliza ikipita. Nililinunua kwa jasho la cherehani, wakati watu wakiniambia ninunue kigari kidogo cha kubebea vitambaa. Jumanne, mume wangu, ni mwalimu wa historia, mzaliwa wa Kondoa. Hajui kuendesha, na katika ndoa yetu yote hajawahi kusema anataka kujua.

Kabla ya safari nililipeleka kwa fundi wangu wa hapa mjini kwa tatizo moja tu: oili ilikuwa inavuja kwenye kava ya valvu. Kwa msiojua, kava hiyo ni mfuniko unaokaa juu kabisa ya injini, kama mfuniko wa hotpoti. Kati ya mfuniko na injini kuna mpira mwembamba, gasketi. Mpira ukizeeka unakakamaa, oili inapata njia ya kutokea pembeni. Dawa yake si siri. Unafungua mfuniko, unatoa mpira mkongwe, unasafisha, unaweka mpya, unafunga boliti kidogo kidogo. Fundi akaniambia ameshaweka mpya. Nikamwamini, kama mteja wangu anavyoniamini nikimwambia nimeshona mara mbili kwenye makwapa.

Tulipopita Kibiti nikaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Jumanne akasema ni wachoma mkaa. Wachoma mkaa hao wakatusindikiza mpaka Nangurukuru. Tulipoegesha mbele ya mgahawa kwa ajili ya wali na samaki, mama mwenye mgahawa akatoka na mwiko wake mkononi.

"Dada, gari lako linapika nini?"

Nikafungua boneti. Moshi ukanipiga usoni. Ulipopungua nikaona kitu kilichonitoa hamu ya kula: gundi nyekundu ya silikoni, imefinyangwa kuzunguka mfuniko wote, imetoka pembeni kama tomato sosi kwenye mkate. Gasketi mpya haikuwapo. Yule bwana alipaka gundi juu ya mpira uleule mkongwe, akakaza boliti kwa hasira, akanirudishia funguo. Oili ilikuwa inachuruzika upande wa nyuma na kudondokea kwenye bomba la eksozi lenye moto. Moshi wote ulitoka hapo.

Nikampigia simu. Alivyosikia sauti yangu akasema, "Mama, hebu mpe mzee niongee naye."

"Mzee yupi? Gari ni langu, tatizo nimeliona mimi."

"Najua mama, ila mpe tu mzee, yeye atanielewa."

Jumanne akanyoosha mkono akaichukua simu. Nikamsikiliza. "Naam fundi. Ahaa. Sawa. Sawa, sawa. Haya, asante." Akakata.

"Amesemaje?"

"Anasema ni kawaida."

Nikamwuliza kawaida ya nini, hakujua. Nikamwuliza kama amemwuliza gasketi iko wapi, akasema hakutaka kugombana na mtu kwenye simu. Nilikula ule wali nimeuinamia, simwangalii. Kisha nikampigia Neema, tunayeshona naye dukani, nikamwomba anitafutie gasketi halisi ya injini ile, pamoja na mipira midogo inayozuia oili kuingia kwenye mashimo ya plagi, aitume kwa basi la Nachingwea, tulikokuwa tunakwenda. Kutoka hapo mpaka Lindi niliendesha kama nimebeba mayai. Sikukanyaga mafuta mpaka turbo ikaamka hata mara moja, na kila penye kituo nilisimama kupima oili na kuongeza. Mabasi yaliyonipita yalinipigia honi. Tukalala Lindi, nguo zangu zote zikinuka gereji.

LINDI HADI NACHINGWEA

Pale Nanganga kuna njia ya kukatiza Ruangwa mpaka Nachingwea, na ningeipita mambo yangekuwa mengine. Lakini mama alikuwa ameagiza tumchukulie masufuria makubwa ya shughuli kwa mdogo wake, Masasi. Mama mdogo hakubali mtu achukue sufuria na kuondoka. Tulipikiwa ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, tukaonyeshwa picha za wajukuu wote, tukaambiwa tusubiri chai, na mimi muda wote nilikuwa namfikiria Hadija.

Hadija ndiye mdogo wangu wa mwisho. Baba alifariki Hadija akiwa mdogo sana, kaka zetu wakatawanyika, nikamsomesha mimi. Siku aliyoliona gari hili mara ya kwanza alipanda kiti cha mbele akasema, "Dada, mimi sitapelekwa kwa mume na gari la kukodi. Utanipeleka wewe." Nikamwahidi. Sasa alikuwa anaolewa na kijana wa Ruangwa aitwaye Issa. Ndoa ingefungwa nyumbani kwetu Nachingwea, halafu bibi harusi apelekwe Ruangwa jioni ileile. Gari likifa, ahadi imekufa.

Tuliondoka Masasi masufuria yamejaa nyuma mpaka dirishani. Kwenye kipande kilichokuwa kinatengenezwa barabara tukasimamishwa na kijana mwenye kibendera, tukakaa juani tukisubiri greda limalize. Akaja dirishani, upande wa Jumanne, akaangalia masufuria, akaniangalia mimi na usukani.

"Mzee, umeajiri dereva mwanamke?"

Jumanne akacheka. Angeweza kusema, "Huyu ni mke wangu na gari ni lake." Angeweza hata kunyamaza. Alicheka, halafu akamwambia, "Ndiyo, na ni mkali." Wakacheka wote wawili.

Tulipopewa ruhusa ya kwenda injini ikaanza kumisi. Ilikuwa inakohoa, inavuta, inaachia, kama mtu mwenye kwikwi. Nikajua oili imeshaingia kwenye mashimo ya plagi. Tukaingia Nachingwea hivyo, masufuria yakigongana nyuma, na watu wa sokoni wakigeuka kutazama ni msafara gani huo.

Mama alitupokea kwa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu kusini, na chai ya rangi. Hadija alikuwa ndani tayari, haruhusiwi kutoka, lakini alisikia injini. Akaniita kwa sauti ya chini, "Dada, mbona linakohoa?"

"Mafua," nikamwambia. "Litapona."

NACHINGWEA

Fundi wa hapo nitamwita Mashaka, na jina hilo linamtosha. Nilimpelekea gari asubuhi, Jumanne akanisindikiza. Nikamweleza Mashaka kila kitu: gundi, gasketi iliyo njiani kwenye basi, mashimo ya plagi. Alinisikiliza huku akimwangalia Jumanne, kama vile mimi ni redio na Jumanne ndiye aliyeiwasha.

"Mkuu," akamwambia, "hapa ringi za pistoni zimekwisha. Moshi huu ni wa injini kufa. Injini inatakiwa kushushwa yote."

"Moshi unatokea kwenye boneti," nikasema. "Angalia eksozi kule nyuma. Hakuna moshi. Ringi zikiisha moshi unatokea nyuma."

"Dada, haya magari ya mbio yana mambo yake."

"Nimekaa nalo miaka. Mambo yake nayajua. Usifungue kitu mpaka nije na gasketi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema, akimwambia Jumanne.

Nikamwacha Jumanne hapo alinde gari, nikarudi kwenye vitunguu na kanga na wageni wa kutoka Lionja waliokuwa wanaanza kufika.

Basi lilifika mchana ule. Nikaenda kituoni, kijana wa ofisi ya mizigo akaniambia mzigo umeshachukuliwa.

"Umechukuliwa na nani?"

"Na Somoe."

"Somoe ni mimi."

"Na yeye alisema ni yeye."

Mnaowajua watu wa kusini mnaelewa. Nachingwea ukisimama sokoni ukaita Somoe, nusu ya kina mama wanageuka. Kijana hakuuliza jina la pili, hakuuliza mzigo unatoka kwa nani. Nilimsema mpaka wapiga debe wakaja kuniomba nipunguze sauti. Sikuipunguza. Nikalala na roho juu, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ndoa.

Asubuhi nikarudi kituoni. Nikamkuta mama mtu mzima wa Marambo, kifurushi kimefunguliwa mkononi, naye anamgombeza kijana yuleyule. Kiswahili chake kilikuwa kinachanganyika na Kimwera kwa hasira.

"Mwanangu kasema ananitumia mkanda wa cherehani! Huu mpira una mashimo, unazunguka kama jini, nauweka wapi? Nani ananifanyia mchezo?"

"Mama, shikamoo. Huo ni wangu. Mimi pia ni Somoe."

Akanitazama juu mpaka chini. "Marahaba. Na wewe una cherehani gani la namna hii?"

Nikamweleza ni mpira wa gari. Akanikabidhi, akasema pole, halafu tukamgeukia yule kijana kwa pamoja. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Kibiti. Mkanda wake ulikuwa umekaa rafuni wakati wote huo, tena jina la mwanawe likisomeka.

Nikapanda bodaboda hadi gereji, gasketi kwapani.

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kwenye kiti changu alikaa bwana mmoja mwenye kofia ya kijani, anajaribu gia. Boneti iko juu. Mfuniko wa injini umetolewa, umetupwa kwenye mchanga, injini iko wazi, na vumbi la barabara linaingia ndani. Jumanne amekaa kwenye benchi, chupa ya soda mkononi.

"Nani kasema lifunguliwe?"

Mashaka akanyoosha bisibisi kumwelekea Jumanne. "Mkuu karuhusu. Tumeshahakikisha, injini imekwenda. Huyu bwana anafanya biashara ya ufuta, analichukua hivi hivi lilivyo. Wameshakubaliana."

Nikamgeukia yule wa kofia. "Bwana, gari hili umeambiwa ni la nani?"

"La mwalimu."

"Mwalimu, ni lako?"

Jumanne akaiangalia chupa. "Somoe, tukaongee pembeni."

"Hapana. Hukwenda pembeni ulipoliuza. Ni lako?"

"Ni letu," akasema.

"Masufuria ni yetu. Nyumba ni yetu. Hili nililinunua mimi, na leo linampeleka Hadija. Ulisema sawa?"

Yule bwana wa kofia ndiye aliyenijibu. Akashuka taratibu, akapangusa kiti kwa kiganja. "Alisema sawa, dada. Mimi sikujua kuna mwenye gari mwingine. Samahani." Akaondoka. Kati ya wanaume wote waliokuwapo pale, ndiye pekee aliyeniomba radhi.

Nikaokota mfuniko mchangani. Nikakusanya boliti moja moja, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Boliti moja ilikuwa imekwangua nyuzi za tundu lake, haishiki tena. Mashaka akaanza kusema juu ya kazi aliyoifanya. Nikamwambia anionyeshe kazi hiyo iko wapi, kwenye injini au kwenye mchanga. Kina mama waliokuwa wanasubiri zamu kwenye mashine ya kusaga, jirani na hapo, walikuwa wamesikia yote. Wakaacha ndoo zao wakaja. Tukalisukuma gari mpaka barabarani, na kutoka barabarani mpaka nyumbani, wao wakiimba. Jumanne alisukuma pia, upande mwingine. Sikumwambia asisukume.

NACHINGWEA HADI RUANGWA

Ndoa ilifungwa baada ya adhuhuri. Pilau lilikuwa zuri, nimeambiwa. Wakwe walikuwa wamekuja na gari moja la kukodi la watu wazima na lori la baba yake Issa, Mzee Mchopa, lililozoea kubeba magunia ya ufuta. Mama akanivuta jikoni.

"Mwanangu, acha gari hapa. Mdogo wako apande na wakwe. Hasira utazimaliza baadaye."

Nilijua mama ana haki. Nikaenda chumbani kumwambia Hadija. Alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka kwenye viwiko, mtandio wa dhahabu kichwani. Nikamwambia gari halitembei, vumbi limeingia ndani ya injini na sina muda wa kulitoa. Nikamwambia samahani.

"Magurudumu yapo?" akauliza.

"Yapo."

"Usukani upo?"

"Hadija, injini iko wazi kama chungu."

"Lori lile si lina kamba? Uliniahidi utanipeleka wewe. Hukusema kwa injini ya nani."

Mzee Mchopa alipoambiwa alishika kichwa. "Bibi harusi avutwe? Watu watasema nini?"

Sauti ya Hadija ikatoka ndani, wakati alitakiwa awe kimya siku hiyo: "Watasema nimefika, baba."

Mzee yule akaangua kicheko, akamwita dereva wa lori alete kamba.

Nilitandika mfuko wa nailoni juu ya injini, nikafunga kanga mbili za mama juu yake, nikalaza mfuniko juu ya kanga na kuukaza kwa mipira ya baiskeli. Hadija akakaa mbele, pembeni yangu, shangazi mmoja nyuma. Jumanne akaja kufungua mlango wa nyuma. Nikamwambia, "Wewe panda lori." Akapanda lori, akakaa katikati ya wapiga ngoma na masufuria, ambayo wakwe nao waliyaomba kwa karamu yao.

Mtu asikudanganye kwamba kuvutwa ni kukaa tu. Injini ikiwa imezimwa usukani unakuwa mzito kama wa trekta, na pedali ya breki inakuwa jiwe. Kila lori lilipopunguza mwendo nilisimama na mguu mzima, nikiona bodi la nyuma linanijia. Vumbi lake lilitufunika. Madirisha tulifunga, joto likatuchemsha, uso wa Hadija ukaanza kuteremka na jasho. Vijijini watu walitoka kwenye mabanda ya korosho kushangaa, wakaona mtandio wa dhahabu nyuma ya kioo chenye vumbi, wakapiga vigelegele. Hadija akawa anawapungia mkono kama kiongozi.

Kwenye mlima mmoja kamba ilikatika. Lori likaenda zake, ngoma zikipigwa, hakuna aliyegeuka. Isipokuwa Jumanne. Nilimwona akisimama juu ya masufuria, akipiga paa la lori kwa mikono miwili mpaka likasimama. Wakati tunasubiri lirudi, Hadija akaniuliza, "Shemeji kafanya nini?"

Nikamweleza yote, tangu Nangurukuru, kwa hasira ileile. Alinisikiliza, halafu akaangalia mikono yake.

"Na mimi ndio naolewa leo," akasema.

Nilijiona nimemwagia mtu maji ya moto. Nikaona nimwambie ukweli. "Jumanne hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Ila ana ugonjwa wa kusema sawa kwa mambo yasiyo yake. Issa akikujibia siku moja mbele ya watu, usicheke ili yapite. Mwambie palepale. Mimi nilicheka miaka mingi."

Shangazi kule nyuma, ambaye tulidhani amelala, akasema, "Mwambie palepale, lakini kwanza mle."

Tukacheka watatu mpaka lori liliporudi. Mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita akatufungia kamba upya, fundo ambalo sijawahi kuliona, akakataa hata maji. Jua lilikuwa bado halijazama tulipoingia Ruangwa. Issa alikuwa ametangulia na gari la wazee, na sasa alikuwa amesimama njiani. Alipoona mkewe anavyokuja alishika mdomo, halafu akakimbia kando ya gari mpaka mlangoni, akicheka. Hapo nikapata matumaini naye.

RUANGWA

Asubuhi Mzee Mchopa akamleta fundi wa pampu za wachimbaji madini, Lukasi, kwa sababu ya lile tundu lililokwanguka. Lukasi aliweka begi lake chini akauliza, "Mwenye gari nani?"

Mzee Mchopa akamtazama Jumanne. Watu wote uani wakamtazama Jumanne.

"Ni la huyu," Jumanne akasema. "Mimi sijui kitu."

Lukasi akanigeukia na kuuliza nataka nini. Nikamwambia: tundu lichongwe nyuzi mpya, mengine nitafanya mwenyewe, lakini anisaidie macho. Tukaanza. Tulipoingiza mikono ndani tukakuta ubaya wote wa ile gundi. Vipande vyekundu vilikuwa vimemeguka kwa ndani, vingine vimeziba kabisa bomba la mpira ambalo injini hupumulia. Injini iliyozibwa pumzi inasukuma oili itokee popote penye upenyo. Kwa hiyo yule fundi wa mjini alikuwa amezidisha uvujaji aliolipwa kuuzuia. Nilisema maneno ambayo ugenini kwa wakwe hayasemwi. Mama mkwe wa Hadija akajifanya anafukuza kuku.

Jumanne akachukua kijiko cha plastiki akaketi na mfuniko mapajani, akaanza kukwangua gundi. Kijiko, ili chuma kisichunwe. Hakuna aliyemtuma. Alikwangua mpaka kila mfereji ukawa safi, akaosha kwa petroli, akakausha, akakwangua tena pale niliponyooshea kidole. Mimi na Lukasi tulifuta vumbi la Nachingwea ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tukanyonya oili kwenye mashimo ya plagi na kuyawekea mipira yake midogo, tukamwaga oili yote ya chini ili vipande vya gundi vitoke nayo, tukaweka chujio jipya na oili mpya. Mpira mpya ukakaa kwenye mfereji wake kama pindo lililopigwa pasi. Tone dogo la gundi kwenye kona tu, basi. Boliti tukaanza za katikati, kidogo kidogo, tukienda nje, mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka ziliposhika bila kulazimishwa.

Tulipowasha, moshi ulitoka kwa muda, oili ya zamani iliyobaki kwenye bomba ikiungua. Halafu ukaisha. Injini ikanguruma sawasawa, haina kwikwi. Hadija akatoka ndani na Issa, wakapanda nyuma, nikawazungusha mji mzima. Watu walitupungia, na safari hii hakukuwa na kamba.

Ningekuwa nimefurahi kabisa kama mama asingepiga simu jioni ile. Nachingwea nzima, akasema, inazungumza kwamba Somoe alikataa kuuza gari bovu akamwaibisha mumewe mbele ya mafundi, mtu mpole, mwalimu. Hata wageni wa Lionja wameondoka na habari hiyo. Mimi ndiye niliyetukanwa, na mimi ndiye nimekuwa mkorofi.

RUANGWA HADI IKWIRIRI

Tulirudi kwa njia ya Nanganga, mimi na Jumanne peke yetu, masufuria tumemwachia mtu wa kuyarudisha. Tukaipita Lindi. Tukaipita Kilwa. Turbo niliiachia iimbe kwenye mwinuko, Jumanne akashika mkanda wake. Baada ya daraja la Rufiji nikaingia Ikwiriri, tukakaa kwenye mgahawa. Nikafungua boneti, nikapitisha kitambaa cheupe kuzunguka mfuniko. Kikabaki cheupe. Nikakiweka mezani mbele yake.

"Haikuvuja hata tone," nikasema.

"Nimeona." Akakikunja kile kitambaa. "Somoe, yule fundi wa Nachingwea hakunidanganya. Nilipomsikia anasema injini imekufa nilifurahi. Nilitaka liuzwe."

"Kwa nini?"

"Kila tukitoka mimi ni mzigo wa pembeni. Watu wananiuliza mimi, na mimi sijui. Nikasema likiondoka, hayo yataisha."

"Ulijua ni langu."

"Nilijua."

Neno hilo liliniuma kuliko ile soda aliyoinywa kwa Mashaka, kuliko kicheko chake kwa yule wa kibendera. Lakini lilikuwa la kwanza la kweli tangu tuondoke Dar. Mhudumu akaja kuuliza tunakula nini. Nikamwambia asubiri.

"Mimi sina shida ya kukusamehe hapa mezani, tukiwa wawili," nikamwambia. "Kule Nachingwea mimi ndiye mbaya. Utafanya nini?"

Akachukua simu, akampigia mama yangu. Mnajua kwetu mkwe hampigii mama mkwe kumweleza mambo ya namna hii. Salamu tu huwa anatoa ameinamisha kichwa. Akaweka sauti ya nje, simu mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmefika?"

"Bado, mama. Mama, gari halikuwa bovu. Mimi ndiye niliyetaka liuzwe, na sikumwuliza mwenyewe. Somoe hakunikosea. Naomba uwaambie hivyo majirani. Na wa Lionja pia."

Upande wa pili nikasikia jogoo wa mama, nikasikia mtu anatwanga.

"Nilifikiri hivyo, baba," mama akasema. "Nitawaambia. Sasa mmekula?"

Jumanne akaniangalia, akasubiri.

"Bado, mama," nikajibu mimi. Nikamwita mhudumu, nikaagiza samaki wawili.